Yuniti Saba

Karani wa usajili ameishika karatasi yangu
kwa ncha za vidole, kama mahamri yanayotoka karaini.
Nakala ya matokeo, Mombasa, mwaka wa tisini na nane:
muhuri umegeuka rangi ya mkandaa,
na pale kwenye mkunjo
mende amekula nusu ya jina langu.
"Mbeyu nani?"
Kang'ombe, nikamwambia. Mende hajui kusoma.
Hakucheka. Kijana wa Mulewa huyu, wa Maweni;
babake na mimi tulikaa dawati moja
na yeye pia alikuwa mgumu wa kucheka.

Akaanza kupiga vema.
Uhasibu wa Kwanza, vema.
Hesabu za Biashara, vema.
Sheria ya Mikataba, akasita, vema.
Akafika Uchapaji, akainua macho.
"Mama, hili lilikuwa somo la nini?"
Nikamwonyesha hewani kwa vidole kumi,
bila kuangalia, taka taka taka,
kengele, mkono wa kushoto usukume,
mstari mpya.
Uchapaji haukubaliki.
Maneno sitini kwa dakika
yakarudishwa upande wangu wa meza.

Saba zimekubaliwa, nne zimekataliwa.
"Umeokoa karibu mwaka mzima," akasema.
Nimeokoa! Kama mtu aliyekuwa na kibubu.
Mimi niliacha, mwanangu.
Karo ilikatika, Umazi yuko tumboni,
mama yuko wadi ya nne na dripu,
nikapanda basi la kurudi Malindi
na daftari tupu kumi na mbili
ambazo baadaye zilifungiwa bajia.

Kisha akasema upo na mtihani.
Ukijua lugha ya kigeni, ukiufanya ukapita,
unapewa yuniti mbili bila kukaa darasani.
"Unajua lugha yoyote, mama?"
Malindi hii,
ambapo muuza machungwa humtukana mtu kwa Kitaliano
akadhani ameombewa dua!

Mimi nilikisomea kwenye mashuka,
miaka kumi na tisa, udobi wa hotelini.
Neno la kwanza lilikuwa *macchia*, doa.
La pili, sabuni.
Umoja na wingi nilifunzwa na foronya.
Wakati uliopita nilifunzwa na Bi Ornella,
chumba cha kumi na nne,
asubuhi mumewe alipokutwa hakuamka.
Nililivua lile shuka.
Tukaketi kwenye godoro lililo wazi, sisi wawili,
naye akinitajia, mimi nikifuata:
alikuwa akivuta sigara, alikuwa akikoroma,
alikuwa akichukia papai.
Alikuwa.
Hiyo sikuhitaji kuirudia.

Mtihani ulikuwa Jumamosi.
Feni moja ilizunguka, ya pili pambo.
Vijana kulia, vijana kushoto,
wengine ndevu bado zinabisha hodi.
Swali la tatu: Eleza safari uliyoipenda.
Mimi sijavuka Mariakani.
Nikaandika safari ya shuka:
chumba cha kumi na nne, ngazi, ua wa nyuma,
karai, kamba, jua la saa saba, pasi,
mpaka kitanda cha mgeni mwingine
anayelala juu yake kwa starehe, hana habari.
Kurasa mbili. Wino ukaniishia,
nikaazima kalamu ya mtoto wa watu.

Umazi ndiye aliyenisomea, kwenye simu yake,
nikiwa nachambua mchicha.
"Mama, sasa ni tisa."
Nikaendelea kuchambua. Nikatupa majani,
nikaweka vijiti sufuriani.

Jumatatu, darasa la kompyuta,
kwa kuwa lile la uchapaji lilikataliwa.
Mwalimu ni mdogo kwa Umazi.
Akasema, taratibu, itafuteni herufi F.
Kidole changu kilikuwa kimeshafika,
na vingine tisa kila kimoja nyumbani kwake.
Nikaandika jina langu lote, hata lile la mende,
nikaandika Malindi, nikaandika tarehe,
na mwisho wa mstari
mkono wa kushoto ukapanda wenyewe kusukuma chuma
ukakuta hewa,
ukabaki pale juu.

Mwalimu akadhani nina swali.
"Naam, mama?"